Ngazi za Chini ya London

Reli ya chini ya ardhi ya London ndiyo kongwe kuliko zote duniani. Kipande chake cha kwanza, kutoka Paddington hadi Farringdon, kilifunguliwa tarehe 10 Januari 1863, na treni zake zilivutwa na injini za mvuke humo humo handakini, abiria wakivuta moshi njia nzima. Leo mtandao huo una njia 11, stesheni 272 na urefu wa kilomita 402 hivi. Zaidi ya nusu ya urefu huo unapita juu ya ardhi, kwenye hewa na mwanga. Sehemu inayozama ni ile ya katikati ya mji. Wenyeji huiita Tube, yaani bomba, kwa kuwa mahandaki yake ya chini kabisa ni ya mviringo, upana wake mita tatu na nusu tu, na treni hupita humo ikiwa imebanwa kama risasi ndani ya mtutu.

Ukongwe huo unaeleza mengi. Mji unaojenga reli ya namna hii leo huanza na sheria zilizokwisha andikwa na makosa ya wenzake ya kujifunzia. London haikuwa na wa kumtazama. Sehemu kubwa ya vitu vinavyomlinda abiria wake leo viliwekwa baada ya watu kufa mahali ambapo havikuwepo. Vile ambavyo kukosekana kwake hakuui mtu papo hapo, kama lifti na vyoo, vimechelewa mno, na vingine havijafika hadi leo. Anayeshuka kutoka barabarani hadi kwenye treni, kisha akapanda tena, huyaona yote mawili njiani.

Mlangoni abiria hukutana na mageti. Hugusisha kadi ya Oyster, iliyoanza kutumika mwaka 2003, au, tangu 2014, kadi yake ya kawaida ya benki. Geti moja huwa pana kuliko mengine, kwa ajili ya viti vya magurudumu, vigari vya watoto na mizigo, na panapotokea dharura mageti yote huachia kwa pamoja. Karibu yake husimama mfanyakazi. Madirisha ya tiketi yalifungwa mwaka 2015, na waliokuwa wakikaa nyuma ya vioo wakatolewa ukumbini. Kazi ya mtu huyo ni kubwa kuliko kuonyesha njia: ndiye anayepaswa kujua mlango upi unafunguka, watu watolewe kwa upande gani, na nani apigiwe simu kwanza. Jinsi ujuzi huo ulivyo na thamani, mji huu uliujua kwa msiba.

Baada ya mageti huja ngazi za umeme. Za kwanza zilifungwa Earl's Court mwaka 1911, na ndefu kuliko zote zipo stesheni ya Angel, mita 60 hivi. Kanuni yake kila mgeni huijua siku ya kwanza: simama kulia, mwenye haraka apite kushoto. Msafiri akiitazama vizuri ngazi anayoikanyaga ataona kwamba ni chuma kitupu. Mbao hazimo, si kwenye vidato wala ubavuni. Kwa miaka mingi ilikuwa kinyume chake.

Tarehe 18 Novemba 1987, yapata saa 1:30 usiku, abiria mmoja aliyekuwa akipanda katika stesheni ya King's Cross aliona moto chini ya ngazi za njia ya Piccadilly, akatoa taarifa. Ulikuwa moto mdogo. Zimamoto waliofika mapema waliuona kama wa sanduku la karatasi. Saa 1:45, dakika 15 tu tangu taarifa ile, uliruka ghafla juu ya ngazi ukaingia ukumbi wa tiketi kama ulimi, ukaujaza joto na moshi mweusi. Watu 31 walikufa, akiwemo Colin Townsley, ofisa wa zimamoto aliyekuwa ameingia na kikosi cha kwanza.

Chanzo, kwa mujibu wa uchunguzi, kilikuwa njiti ya kiberiti. Uvutaji sigara katika stesheni za chini ulikwisha kupigwa marufuku mwaka 1985, lakini watu walikuwa na mazoea ya kuwasha wakiwa ngazini, wakielekea nje. Njiti ilipenya kwenye ufa ubavuni mwa ngazi ikaangukia grisi iliyochanganyika na vumbi, karatasi na nywele, uchafu ambao haukuwahi kusafishwa wote tangu ngazi hizo zifungwe. Wachunguzi walikuta chini yake alama za mioto mingine midogo iliyowahi kuwaka na kujizima yenyewe.

Lililowashangaza wataalamu ni kasi yake. Ndimi za moto hupanda juu, na kila mtu alitarajia ziende darini. Mfano wa ngazi ulijengwa na kuchomwa, na hesabu zikapigwa kwa kompyuta, ndipo ikajulikana kwamba katika mfereji ulioinama kama ule, moto haunyanyuki. Hulala juu ya mbao, ukazichemsha zilizo mbele yake zote kabla ya kuzigusa, kisha zikawaka kwa mkupuo mmoja. Jambo hilo halikuwa likijulikana kabla ya King's Cross, na sasa hufundishwa popote wanapofundishwa zimamoto.

Tume ya Desmond Fennell, iliyotoa ripoti mwaka 1988, ilitazama mbali zaidi ya njiti. Katika reli ile, moto wa ngazini haukuitwa moto. Wakubwa walitumia neno lenye maana ya kufukafuka, na kinachofukafuka hakimtishi mtu. Wafanyakazi wengi hawakuwa wamefunzwa kuwatoa watu wala kutumia mitambo ya maji iliyokuwapo chini ya ngazi, nayo siku ile haikufunguliwa. Askari polisi aliyetaka kuita zimamoto alilazimika kupanda hadi barabarani, kwa sababu redio yake haikushika chini ya ardhi. Abiria walielekezwa watoke kwa ngazi za njia nyingine, na ngazi hizo ziliwafikisha kwenye ukumbi ule ule uliokuwa karibu kulipuka. Tume ilitoa mapendekezo 157. Mbao zikaanza kung'olewa, vinyunyizio vya maji na vitambuzi vya moto vikafungwa, na mafunzo yakawa sharti la kazi. Ngazi ya mwisho ya mbao, huko Greenford, iliondolewa mwaka 2014.

Chini ya ngazi kuna jukwaa. Hapa hatari ni ya kawaida zaidi: pengo kati ya ukingo wa jukwaa na mlango wa behewa. Stesheni nyingi za zamani zilijengwa kwa kufuata mkunjo wa barabara iliyo juu yake, na behewa lililonyooka likisimama kwenye jukwaa lililopinda huacha nafasi ambayo mguu wa mtoto unatumbukia. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 vipaza sauti hurudia onyo la maneno matatu ya Kiingereza, kwamba watu wajihadhari na mwanya. Katika stesheni ya Embankment, jukwaa la njia ya Northern kuelekea kaskazini, sauti inayosema ni ya mwigizaji Oswald Laurence, aliyefariki mwaka 2007. Mitambo ilipobadilishwa sauti hiyo ikatolewa. Mjane wake alikuwa na desturi ya kukaa jukwaani, akiacha treni zipite ili amsikie tena mumewe, na alipoikosa aliuliza. Mwaka 2013 wahusika wakamrudishia, kwenye jukwaa hilo moja tu. Anayesimama pale leo humsikia Laurence akiwaonya watu wasiomjua, treni baada ya treni.

Tiba kamili ya ukingo wa jukwaa ni milango ya kioo inayofunguka treni ikishasimama. London inayo katika stesheni za chini za sehemu ya njia ya Jubilee iliyofunguliwa mwaka 1999, na katika zile za katikati ya mji za njia ya Elizabeth, iliyozinduliwa mwaka 2022. Kwingineko hakuna, kwa kuwa majukwaa ya kale yamepinda na ni membamba. Katika stesheni nyingi za chini kuna shimo refu katikati ya reli, ambalo limewaokoa baadhi ya walioanguka. Umeme hupita katika reli mbili za ziada, volti 630 hivi, kwa hiyo abiria aliyeangusha simu hapaswi kushuka kuifuata. Mfanyakazi ana koleo refu la kuokotea.

Treni yenyewe ina ulinzi ambao abiria hauoni. Dereva anayeendesha kwa mkono lazima ashikilie mpini. Akiuachia, awe amezirai au amekufa, breki hujifunga. Kando ya reli, kwenye taa nyekundu, mkono wa chuma hunyanyuka na kugonga valvu chini ya behewa, nayo treni husimama hata kama dereva hataki. Kwa miaka mingi ilidhaniwa hayo yanatosha. Asubuhi ya tarehe 28 Februari 1975 treni iliingia Moorgate, mwisho wa njia, bila kupunguza mwendo, ikapita jukwaa lote ikagonga ukuta wa mwisho wa handaki. Watu 43 walikufa, dereva akiwemo, na waokoaji walihangaika siku kadhaa ndani ya joto na giza kuwafikia wa mwisho. Kwa nini dereva hakufunga breki, hapakupatikana jibu. Tangu hapo, vituo vya mwisho wa njia vilianza kufungiwa mtambo unaoilazimisha treni kuingia polepole, ili hilo lisitegemee tena mtu mmoja.

Ndani ya behewa kuna kengele ya dharura, na wageni wengi hudhani kuivuta kutaisimamisha treni pale pale. Dereva akiweza, huendelea hadi stesheni ijayo, na hiyo ndiyo busara. Mahandaki ya chini hayana njia ya kutembea ubavuni, na treni ikikwama abiria hutolewa kwa mlango wa mbele, mmoja mmoja, juu ya reli zilizozimwa umeme. Jukwaani anapatikana mhudumu, mgonjwa anapata nafasi ya kulazwa, na ngazi ziko karibu.

Joto ni adui wa taratibu. Udongo wa mfinyanzi ulioyazunguka mahandaki ulikuwa na baridi ya nyuzi 14 hivi mwanzoni mwa karne ya 20, na kulikuwa na wakati reli ilitangazwa kama mahali pa kukimbia jua. Karne nzima ya breki na miili ya watu imeupasha udongo huo, na sasa unalirudisha joto ndani. Treni kubwa za njia za juu juu zina viyoyozi tangu 2010, lakini za mahandaki membamba zimekosa nafasi ya kutolea hewa ya moto. Kiangazi abiria hushauriwa wabebe maji, na anayejisikia vibaya ashuke stesheni ijayo. Maji ya ardhini nayo hayalali: lita milioni 47 hivi husukumwa nje kila siku.

Tatizo la redio lililomshinda askari wa King's Cross lilirudi kuuaibisha mji huu karibu miaka 18 baadaye. Tarehe 7 Julai 2005 mabomu yaliripuka katika treni tatu na basi moja, yakaua watu 52. Watu 26 kati yao walikufa katika treni moja kwenye handaki la kina kati ya King's Cross na Russell Square. Waokoaji walioshuka hawakuweza kuzungumza na walio juu. Walituma watu wakimbie na ujumbe, huku na huko, kama vitani zamani. Ripoti ya Bunge la London ya mwaka 2006 ililikemea hilo kwa uzito, na haki ilikuwa yake, kwani Fennell alikwisha lisema. Mitambo ya redio ya vikosi vya dharura ilifungwa chini ya ardhi katika miaka iliyofuata.

Huduma za abiria zina historia nyingine, isiyo na siku ya maombolezo. Mfano wake mwepesi ni beji. Tangu 2005 mwanamke mjamzito hupewa bure beji nyeupe inayotangaza kwamba ana mtoto safarini, na tangu 2017 ipo ya bluu kwa mwenye maradhi yasiyoonekana, anayehitaji kiti. Ni kipande cha bati kisichomlazimisha mtu yeyote, lakini kimemwondolea mgonjwa aibu ya kuomba. Kamera ziko kila stesheni, na anayeshikwashikwa au kutishwa ndani ya treni anaweza kuwaandikia polisi wa reli ujumbe mfupi kwa namba 61016 bila kulazimika kusema neno mbele ya anayemwonea.

Lifti ni suala zito zaidi. Takriban theluthi moja tu ya stesheni za mtandao huu zinafikika bila kupanda ngazi, na katika baadhi yake mwenye kiti cha magurudumu hufika jukwaani lakini hukuta behewa liko juu au chini ya usawa wa jukwaa, akahitaji kuwekewa ubao wa mteremko. Ramani ya njia, mchoro uliotokana na kazi ya Harry Beck na kutolewa kwa umma mwaka 1933, huonyesha tofauti hizo kwa alama mbili za kiti cha magurudumu. Kuisoma ramani hiyo kwa kufuata alama hizo peke yake ni kuona mji mwingine, mdogo na uliokatikakatika. Stesheni zote za Jubilee mpya zina lifti kwa sababu zilichorwa nazo. Za kale huhitaji kuchimba upya chini ya majengo, mabomba na njia nyingine, kwa gharama kubwa na kwa miaka. Green Park ilipata zake mwaka 2011, Michezo ya Olimpiki ya 2012 ikikaribia.

Hampstead, stesheni iliyo chini kuliko zote, mita 58.5 kutoka juu ya ardhi, ina lifti, na pia ngazi ya mzunguko yenye vidato 320. Bango la mlangoni humtajia msafiri idadi hiyo na kumtaka asiitumie ila kwa dharura. Katika stesheni nyingine ya katikati ya mji, isiyo na lifti, mwandishi wa makala haya alimwona mama mmoja amesimama chini ya ngazi na kigari cha mtoto, mkono mmoja kwenye mpini, mwingine ukishika mfuko wa nepi. Watu walimpita kama maji yanavyopita jiwe. Kisha kijana mmoja aliinama bila kusema kitu, akashika ekseli ya mbele, wakapanda naye kidato kwa kidato, mtoto akiwa amelala. Juu waliagana kwa kichwa tu. Wema wa namna hiyo upo London, na ni mwingi, lakini mtu asiyeweza kutembea habebeki hivyo kila asubuhi akienda kazini.

Lifti imewahi hata kuua stesheni. Jirani na Bush House, jengo ambalo Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilirushia matangazo yake kwa miongo mingi, ilikuwapo stesheni ya Aldwych. Lifti zake zilikuwa za tangu kufunguliwa kwake mwaka 1907. Zilipochoka, gharama ya kuzibadilisha ilionekana kubwa mno kwa abiria wachache waliobaki, na tarehe 30 Septemba 1994 stesheni ikafungwa.

Vyoo ni vichache, na vingine viko nje ya mageti au hufungwa jioni. Ipo ramani maalumu ya kuvionyesha, nayo ni msaada, hasa kwa wazee, wenye kisukari na wenye watoto wadogo, ambao hupanga safari nzima kwa kufuata vyoo. Mwaka 2024 Meya Sadiq Khan alitangaza kutenga pauni milioni 3 kwa mwaka kuviongeza na kuvikarabati. Ni mwanzo uliochelewa kwa mji uliowahi kuweza zaidi ukiwa taabani. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza kupiga London mwaka 1940, serikali haikutaka watu walale stesheni. Wakanunua tiketi za bei nafuu, wakashuka, wakakataa kupanda. Usiku mmoja wa Septemba walihesabiwa watu 177,000. Wakubwa wakakubali, na katika muda mfupi majukwaa yakapata vitanda vya ghorofa, vyoo vya dawa, wauguzi, na treni maalumu zilizopita usiku zikigawa chai na maandazi.

Njia ya Central ikielekea mashariki hufika Bethnal Green. Wakati wa vita stesheni hii ilikuwa haijamalizika, na ilitumika kama handaki la kujikinga tu. Mlango ulikuwa mmoja, na ngazi yake ya vidato 19 haikuwa na chuma cha kushikia katikati. Taa ilikuwa moja hafifu. Mwaka 1941 halmashauri ya mtaa iliomba kuuimarisha mlango huo, wakubwa wa mkoa wakakataa wakisema ni gharama. Usiku wa tarehe 3 Machi 1943 king'ora kililia, watu wakaanza kushuka kwa utulivu. Mara mizinga mipya ya roketi ikafyatuliwa kutoka bustani ya Victoria Park iliyo karibu, kwa mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Watu wakasukumana kuingia. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto akateleza karibu na kidato cha chini, mzee akamwangukia, na waliokuwa nyuma, wasioona kitu gizani, wakaendelea kuja. Watu 173 walikufa kwa kukosa pumzi, 62 kati yao watoto. Bomu halikuanguka pale usiku huo. Habari ilibanwa, na ripoti ya uchunguzi haikutolewa kwa umma hadi 1945.

Treni zilianza kusimama Bethnal Green mwaka 1946. Mlango ule wa vita ndio unaotumika bado, sasa ukiwa na vyuma vya kushikia katikati. Nje, kwenye kona ya bustani, umesimama mnara wa kumbukumbu uliokamilika mwaka 2017: ngazi ya mbao iliyopinduliwa juu chini, ikining'inia hewani, majina ya marehemu yamechongwa ubavuni mwake. Imetobolewa matundu 173, na jua likiwaka, mwanga hupita humo na kuwaangukia wanaosimama chini yake.